Nani Anayepika? Somo la Elektroni za Moto Juu ya Uso wa Metali



Mhariri wetu amepitisha sheria kwamba kila mwanachama anayefanya utafiti aeleze kazi yake humu kwa Kiswahili, na akaongeza kuwa asiyeweza kuieleza kwa Kiswahili basi huenda hajaielewa. Hilo la pili sikubaliani nalo sana, lakini zamu yangu imefika. Ninasoma shahada ya uzamivu katika uhandisi wa kemikali. Kazi yangu ni vichocheo, na hasa zile elektroni zinazopata nishati nyingi ghafla juu ya uso wa metali na kusukuma mabadiliko ya kikemikali. Mama akiniuliza kwenye simu nasoma nini, namwambia nasoma mbolea. Si uongo, kama mtakavyoona. Nitakwenda taratibu: aliyesoma fizikia ya kidato cha nne atanifuata mpaka mwisho, na aliyesoma historia pia, mradi avumilie aya mbili tatu za katikati.

Tuanze na kichocheo chenyewe. Shuleni tulikariri kwamba kichocheo ni kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemikali bila chenyewe kuliwa. Sawa, lakini maelezo hayo yanasema kinafanya nini, hayasemi kinafanyaje. Fikiria mlima. Molekuli ziko bonde la huku, zinataka kushuka bonde la kule ambalo liko chini zaidi, ila katikati kuna mlima. Kichocheo hakiyagusi mabonde. Kinachofanya ni kuonyesha njia nyingine inayopita penye mlima mfupi. Urefu wa mlima huo tunauita kizingiti cha nishati, na vitu vidogo kama molekuli tunavipimia nishati kwa elektronivolti. Kipimo hicho kishike, nitakitumia sana.

Mfano mkubwa kuliko yote ni amonia. Kila mfuko wa urea unaoshushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa ulianza kuwa amonia, na amonia hutengenezwa kwa kuunganisha naitrojeni ya hewani na hidrojeni juu ya chuma. Fritz Haber ndiye aliyeonyesha kuwa inawezekana, Carl Bosch akaipeleka kiwandani, na kiwanda cha kwanza kikaanza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Shida ni naitrojeni. Atomu zake mbili zimefungana mara tatu, na kuzitenganisha zikiwa peke yake hewani kunahitaji elektronivolti 9.8. Juu ya chuma kazi hiyo inakuwa nyepesi zaidi, lakini bado ndiyo hatua inayochelewesha msafara mzima. Aliyelithibitisha hilo, hatua kwa hatua, ni Gerhard Ertl wa Berlin, naye alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2007. Kwa hiyo viwanda huendeshwa kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi na kwa presha inayozidi ya hewa ya kawaida zaidi ya mara 100. Amonia peke yake inakula kati ya asilimia 1 na 2 ya nishati yote inayotumiwa na wanadamu.

Sasa tazama joto linavyofanya kazi. Joto halichagui. Ukipasha kiwanda mpaka nyuzi 500, umepasha mabomba, kuta, chuma chote mpaka ndani kabisa ambako hakuna molekuli hata moja inayogusa, na kila molekuli ya hewa iliyomo. Na baada ya gharama yote hiyo, wastani wa nishati ya mtikisiko wa joto kwenye nyuzi 500 ni elektronivolti 0.067 tu. Uwezekano wa kupata elektronivolti 1 nzima kwa bahati, katika joto hilo, ni kama mara 3 katika milioni 10. Tunaishi kwa hizo bahati chache. Ni sawa na kuchemsha pipa zima ili upate kikombe kimoja cha chai.

Basi watu wakajiuliza: je, hatuwezi kuipa nishati ile sehemu moja tu inayohitaji, na vingine tukaviacha baridi?

ELEKTRONI YA MOTO NI NINI

Ndani ya metali, elektroni za nje hazimilikiwi na atomu yoyote, zinazunguka zitakavyo. Ila kila moja ina kiti chake cha nishati, na viti vinajazwa kuanzia chini. Fikiria uwanja wa mpira uliojaa kuanzia safu ya chini mpaka safu fulani, halafu juu ya hapo ni viti vitupu. Ile safu ya mwisho yenye watu inaitwa kiwango cha Fermi. Walio katikati ya umati hawawezi kusogea, maana viti vyote vya jirani vina watu. Walio kwenye safu za mwisho ndio wanaoweza kuruka juu. Joto la kawaida la chumba linawarusha kidogo sana, elektronivolti 0.026 hivi, kama mtu anayenyanyuka kunyoosha miguu.

Sasa miale ya mwanga wa kijani inaingia. Chembe moja ya mwanga huo, yaani fotoni, inabeba kama elektronivolti 2.3, nayo inaweza kumpa elektroni mmoja nishati yote hiyo kwa mkupuo. Huyo anaruka juu kabisa ya uwanja huku wenzake wote wamekaa. Huyo ndiye elektroni wa moto. (Nimeanza kumwita kama mtu. Mhariri anisamehe, maabara tunaongea hivyo hivyo.) Kwa hesabu za joto, elektronivolti 1 ni sawa na Kelvini 11,600, na uso wa jua una kama 5,800. Lakini metali yenyewe ukiishika haikuunguzi, kwa sababu walio moto ni wachache mno.

Tatizo ni kwamba hakai nayo. Elektroni wa moto ni kama mtu aliyetumiwa hela kutoka ng'ambo: kabla hajafika sokoni, ndugu wote wameshajua. Ndani ya makumi ya femtosekunde anagongana na wenzake na kugawana nao. Femtosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa kwa 1 yenye sufuri 15. Mwanga, unaofika mwezini kwa zaidi kidogo ya sekunde moja, katika femtosekunde moja unakwenda nanomita 300 tu, pungufu ya unene wa unywele kwa mbali. Baada ya pikosekunde moja au mbili, yaani maelfu machache ya hizo, nishati yote imeshashuka kwenye atomu za metali na kuwa joto la kawaida. Kwa hiyo elektroni aliyezaliwa mbali na uso, tuseme nanomita 100 ndani, hana faida kwetu. Ndiyo maana kazi hii yote ni ya chembe ndogo na tabaka nyembamba.

Na akiwahi kufika usoni, anafanya nini? Molekuli iliyotua juu ya metali nayo ina viti vyake vitupu. Kimojawapo kina tabia mbaya: elektroni akikikalia, kifungo kati ya atomu mbili kinalegea. Elektroni wa moto anarukia kiti hicho, anakaa femtosekunde chache, anarudi kwenye metali. Amekwisha kuondoka, lakini katika muda ule mfupi atomu zimeshaanza kuachana, nazo zinaendelea kwenda, kama bembea uliyoisukuma ukaondoa mkono. Msukumo mmoja mara nyingi hautoshi. Ikija misukumo miwili, mitatu, kabla bembea haijatulia, kifungo kinakatika. Angalia vizuri hapo: elektroni hakuhitaji kuwa na nishati yote ya kuvunja kifungo. Alihitaji kusukuma mahali panapofaa.

USHAHIDI

Haya yote yanapendeza kwenye ubao. Je, yanatokea kweli? Tangu mwaka 1927, Max Born na Robert Oppenheimer walipoandika makala yao, wanakemia wamekuwa wakihesabu kwa kudhani kwamba elektroni ni nyepesi mno (protoni moja tu ni nzito kuliko elektroni mara 1,836), hivyo atomu zikisogea, elektroni hujipanga upya papo hapo bila bughudha. Kama dhana hiyo ni kweli daima, basi atomu haziwezi kumrusha elektroni, na hadithi yangu ina walakini.

Mwaka 2000 Alec Wodtke na wenzake huko California walifanya jaribio ambalo kwangu ni zuri kuliko yote. Walichukua molekuli za naitriki oksaidi, wakazitetemesha kwa leza mpaka ngazi ya 15 ya mtetemo, halafu wakazipiga kwenye uso wa dhahabu. Zikadunda. Zilipopimwa baada ya kudunda zilikuwa zimepoteza ngazi nyingi, wastani kama nusu ya mtetemo wote, katika mguso mmoja mfupi. Walipozipiga kwenye lithi floraidi, ambayo si metali na haina elektroni huru, karibu hazikupoteza kitu. Nishati ilikwenda wapi basi? Kwa elektroni za dhahabu. Mwaka 2005 wakapaka dhahabu ile tabaka la sesi ili iwe rahisi elektroni kutoka nje, na molekuli zilipogonga, elektroni zikaruka kweli hewani na kuhesabiwa. Hapo ubishi ukapungua: atomu zinaweza kumrusha elektroni, na kama zinaweza, njia ya kurudi nayo ipo.

Wengine walikamata elektroni hizo ndani ya waya. Mwaka 1999 kundi la Hermann Nienhaus na Eric McFarland lilitandaza tabaka jembamba la fedha, na jingine la shaba, juu ya silikoni, likamwagia atomu za hidrojeni, na mkondo mdogo wa umeme ukapita. Gabor Somorjai wa Berkeley akaendeleza kwa platinamu yenye unene wa nanomita chache. Huyu mzee alizaliwa Budapest mwaka 1935, akaikimbia Hungaria baada ya uasi wa 1956 akiwa bado mwanafunzi, na akasomea digrii yake ya juu Marekani. Wenzangu mnaolalamikia fomu za viza mkumbukeni. Yeye na wanafunzi wake walipitisha kaboni monoksaidi na oksijeni juu ya platinamu, zikaungana kuwa kaboni dayoksaidi, na mkondo ukapanda na kushuka pamoja na kasi ya mabadiliko. Walifurahi, na walistahili. Ila mwaka 2012 watafiti wengine walionyesha kwamba katika vifaa vya aina hiyo sehemu ya mkondo inaweza kuwa ya joto tu, kwani upande mmoja wa kifaa ukipata moto kuliko mwingine, umeme hutembea. Joto hilo hilo tena. Kaa nalo, litarudi.

Jaribio lililonifanya nichague fani hii ni la Berlin, la mwaka 1999, katika taasisi inayoitwa kwa jina la Fritz Haber mwenyewe, na Ertl akiwa mmoja wa waandishi. Walikuwa na metali ya rutheniamu ndani ya utupu, juu yake wameweka oksijeni na kaboni monoksaidi kwa pamoja. Ukiipasha metali hiyo kwa kawaida, hupati kaboni dayoksaidi. Kaboni monoksaidi inang'oka na kuondoka zake, oksijeni inabaki imeng'ang'ania. Sababu ni rahisi: kizingiti cha kaboni monoksaidi kung'oka ni kama elektronivolti 0.8, na cha oksijeni kuachia nafasi yake ni kama 1.8. Ukipandisha joto polepole, mwenye kizingiti kifupi anatoka kwanza, na oksijeni inapoamka, mgeni ameshaondoka.

Sasa wakapiga kwa leza, mipigo yenye urefu wa kama femtosekunde 110. Kaboni dayoksaidi ikatoka! Kwa muda mfupi baada ya mpigo, elektroni za metali zilifika maelfu ya Kelvini wakati atomu zenyewe bado hazijapata habari. Katika dirisha hilo elektroni ziliiamsha oksijeni kabla joto halijawahi kuifukuza kaboni monoksaidi. Na hawakuishia kudai. Walituma mipigo miwili na kubadilisha muda kati yake: mabadiliko ya oksijeni yalifuata saa ya elektroni, kama pikosekunde 3, na kung'oka kwa kaboni monoksaidi kulifuata saa ya joto, kama pikosekunde 20. Wakabadilisha oksijeni ya kawaida kwa ile nzito, mazao yakapungua zaidi ya nusu, jambo linaloendana na bembea ya kusukumwa: nzito haisogei mbali kabla ya msukumo kwisha.

Kinachonivutia si kwamba mabadiliko yalikwenda haraka zaidi. Ni kwamba kilichotoka ni kitu tofauti. Kasi unaweza kuiongeza kwa kuni zaidi. Lakini pale kuni zilikuwa zinatoa jibu moja, elektroni zikatoa jibu jingine.

MWANGA WA TAA, NA UGOMVI WAKE

Leza za femtosekunde ni ghali na hakuna atakayetengeneza mbolea nazo. Watu wakageukia mwanga wa kawaida. Ukienda British Museum, London, kiingilio bure, tafuta kikombe cha Lycurgus, cha Warumi wa karne ya 4. Mwanga ukikipiga kwa mbele ni cha kijani, ukipita kutoka nyuma ni chekundu. Ndani ya kioo chake kuna chembe ndogo mno za dhahabu na fedha, na elektroni za kila chembe zinacheza pamoja kufuata wimbi la mwanga, kama maji kwenye beseni ukilitikisa kwa mpigo wake. Mchezo huo unaitwa plazmoni. Ukichakaa, baada ya femtosekunde chache, unaacha elektroni za moto. Kwa maneno mengine, chembe hizo ni antena: zinanasa mwanga mwingi kuliko ukubwa wake, na zinazalisha elektroni za moto karibu kabisa na uso. Ndicho tulichokuwa tunatafuta.

Mwaka 2011 kundi la Suljo Linic, Michigan, lilionyesha kuwa chembe za fedha zikiangaziwa zinatengeneza etilini oksaidi (malighafi ya nguo za poliesta na maji ya rejeta) kwa kasi ile ile katika joto la chini zaidi. Mwaka 2013 kundi la Naomi Halas na Peter Nordlander, Rice, Houston, likaivunja hidrojeni juu ya dhahabu kwa mwanga katika joto la chumba. Dhahabu! Ambayo pete yake babu anaivaa miaka 50 haibadiliki. Ujanja wao ulikuwa kuchanganya hidrojeni ya kawaida na ile nzito, halafu kutafuta molekuli zenye moja ya kila aina. Ukizikuta, basi za mwanzo zilivunjika.

Halafu mwaka 2018 Rice wakatangaza chembe za shaba zilizodondoshewa rutheniamu, zinazovunja amonia kutoa hidrojeni, na kwamba mwanga unashusha kizingiti kutoka elektronivolti 1.21 mpaka 0.35. Mwaka uliofuata wanafizikia wa chuo kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, wakawajibu kwenye jarida lile lile: ndugu zetu, hamkupima joto sawasawa, hayo mnayoyaona yanaelezeka kwa joto peke yake. Rice wakajibu, wale wakarudi, na mikutano ikawa na moto kuliko elektroni zenyewe.

Kwa nini joto ni mtihani hivyo? Fanya hesabu hii nami. Chukua mabadiliko yenye kizingiti cha elektronivolti 1. Kanuni ya Arrhenius inasema kasi inafuata kizingiti kikigawanywa kwa joto, katika kipeo. Tuseme kipimajoto chako kinasoma nyuzi 227 za Selsiasi, yaani Kelvini 500, lakini uso wenyewe chini ya taa una nyuzi 247. Tofauti ni 20 tu. Kasi inaongezeka mara 2.4. Tuseme uso una nyuzi 282. Kasi imeongezeka mara 10, na wewe, ukiangalia kipimajoto chako kinachosema 227, utaapa kwamba elektroni wamefanya muujiza. Sasa kumbuka unga wa kichocheo ni mweusi, taa inapiga juu, na kipimajoto mara nyingi kimechomekwa chini. Tofauti ya nyuzi 55 kati ya juu na chini ni jambo la kawaida kabisa.

Vipimo vingine vinavyotajwa navyo si kinga kamili. Wanasema elektroni hufuata rangi ya mwanga inayonaswa vizuri. Lakini rangi inayonaswa vizuri ndiyo hiyo hiyo inayopasha moto vizuri. Wanasema kasi ya elektroni huongezeka sambamba na mwanga na ya joto hupanda kwa mkunjo. Lakini mwanga ukiwa mkali, elektroni nazo hupanda kwa mkunjo, kwa sababu ya ile misukumo miwili mitatu. Mimi kipimo ninachokiamini zaidi ni kile cha Berlin: kimetoka nini? Mwaka 2017 kundi la Duke, Marekani, lilitumia chembe za rodiamu kugeuza kaboni dayoksaidi. Gizani, kwa joto, walipata methani na kaboni monoksaidi kwa viwango vinavyokaribiana. Chini ya mwanga, karibu yote ikawa methani. Joto nalo linaweza kubadilisha mazao, sikatai, lakini hapo angalau una mahali pa kushika.

Mtu anaweza kusema, sasa ubishi wote huu wa nini? Mwanga umeingia, mazao yametoka, nani anajali kama ni elektroni au joto? Kwa mhandisi tofauti ni ya pesa. Kama ni joto, nunua vioo vya kukusanya jua, pasha bomba la kawaida lenye kichocheo cha kawaida, kazi imekwisha, na kichocheo kinaweza kujaa bomba zima. Kama ni elektroni, mwanga lazima umfikie kila chembe, na kwenye unga mweusi mwanga hauzami hata milimita moja. Utahitaji matabaka membamba, vioo vinavyopitisha mwanga, eneo kubwa. Ni mitambo miwili tofauti kabisa.

Mwaka jana jamaa yangu wa nyumbani, ambaye yeye na wenzake wana chama cha akiba, alinitumia karatasi ya kampuni moja ambayo sitaitaja. Wanauza hisa za mtambo mdogo wa amonia wa nguvu ya jua, kwa ajili ya mbolea. Kuna picha ya shamba, kuna maneno "elektroni, si joto", na kuna grafu moja: taa ikiwashwa, kasi inapanda mara 10. "Kaka, tuweke hela?" Chama kile kina wanachama 14, na wengi ni akina mama wauza samaki. Sikuweza kumjibu kwa mzaha.

Nilimwambia awaulize mambo matatu. Kipimajoto kilikaa wapi? Gizani, mkiongeza nyuzi 60, mnapata nini? Na kwa kila chembe ya mwanga inayoingia, zinatoka molekuli ngapi za amonia? Walijibu la kwanza tu: kipimajoto kilikuwa nje, kwenye ukuta wa bomba. Nilimpigia simu nikamweleza hesabu ile ya nyuzi 55 kwa kutumia sufuria na mfuniko wake, akaelewa haraka kuliko baadhi ya watu ninaokutana nao kwenye makongamano. Hela bado iko kwenye chama.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nasema fani yote ni uongo. Mwaka 2022 Rice hao hao walionyesha kuwa shaba na chuma, metali za bei nafuu, zikiangaziwa kwa taa za LED zinavunja amonia kwa ufanisi unaokaribia wa rutheniamu, ambayo ni adimu na ghali. Ikiwa sehemu ya hilo ni joto na sehemu ni elektroni, bado ni kazi kubwa. Ninachokataa ni kulipa kwa jina la elektroni huku anayepika ni joto.

Na kwa upande wangu? Nimejenga kijibomba chenye tabaka jembamba sana la kichocheo na vipimajoto viwili, kimoja juu na kimoja chini. Napima kasi chini ya taa, naandika joto la juu na la chini, halafu nazima taa na kuirudisha ile ile tofauti ya joto kwa vipasha joto vya umeme, gizani. Kinachobaki baada ya kutoa cha gizani ndicho ninachokubali kumpa elektroni. Kuna wiki ambazo kinachobaki ni kidogo sana. Kuna siku ambazo hakiwezi kuelezwa kwa njia nyingine yoyote, na siku hizo nachelewa kurudi bwenini.

Kwa wale wa mwaka wa kwanza wanaotaka mazoezi: rudieni hesabu yangu ya nyuzi 227 na 247, lakini kizingiti kiwe 0.35 badala ya 1. Mimi nimepata kasi inaongezeka mara 1.37 tu. Ukipata jibu jingine, njoo na karatasi yako, Jumatano jioni nakuwa maktaba, ghorofa ya pili.